Chorani kazi kabla ya kununua programu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wenye kampuni wa huku Nyanda za Juu Kusini. Mimi ni karani wa mizani kwenye kituo cha kununua parachichi hapa Tukuyu, mwaka wa saba sasa.

Msimu uliopita tuliletewa programu mpya. Mzigo ukipimwa tu, inatoa stakabadhi. Lakini sisi tukishapima ndipo tunachambua, na matunda madogo mno au yenye mikwaruzo anarudishiwa mkulima. Mama mmoja alisimama dirishani kwangu na karatasi mbili: ya kompyuta kilo 112, ya mkono wangu kilo 87. Akaniuliza, "Mwanangu, nishike ipi?" Nilikosa la kumjibu. Tangu siku ile mchana tunaandika kwenye daftari, usiku tunaingiza kwenye kompyuta.

Programu yenyewe si mbovu. Aliyeiandaa hakufika kwenye mizani. Ipo lugha ya michoro ya kazi, BPMN, ambayo toleo lake la 2.0 lilitoka mwaka 2011: duara ni mwanzo, kisanduku ni kazi, umbo la almasi ni njia panda. Almasi moja baada ya kuchambua, "yamefaa au hayakufaa?", ingeonyesha stakabadhi itoke wapi. Hata chaki ukutani ingetosha.

Msimu mwingine unakaribia. Wataalamu waje wakae nasi siku mbili, waone kreti zinavyoshuka, ndipo waguse kompyuta.

Karani wa mizani,
Tukuyu, Mbeya