Taarifa ya Mwenyekiti: Pimbi 23 au 9?

Ndugu wanachama,

Mambo ya fedha mhazini atayasoma baada yangu, na wenye kudaiwa ada wanajijua. Mimi nitasema habari ya kuhesabu wanyama, maana ndiyo iliyotugombanisha mwaka huu.

Mnakumbuka pimbi wa kisiwa cha Saanane, Mwanza. Asubuhi ya jua kali kundi moja liliona 23 wakiota jua juu ya miamba. Kesho yake wingu lilitanda; kundi lilelile, njia ileile, likaona 9. Wengine mkataka tuandike 23 tufunge daftari, wengine mkahofia maradhi. Hakuna aliyekufa. Pimbi akikosa jua hubaki kwenye nyufa za mawe.

Hesabu yoyote ya porini ni idadi ya wanyama mara uwezekano wa kila mmoja kuonekana. Ukihesabu mara moja, hayo mawili hayatenganishiki. Ukirudia palepale, kupanda na kushuka kwa hesabu kunaanza kukuonyesha uwezekano huo. Mwaka 2004 mtakwimu Andrew Royle wa Marekani aliijengea kazi hii modeli, yaani kanuni ya kihesabu ya kukadiria idadi, inayotumika mpaka leo.

Njia kongwe zaidi, ya kutia alama, tuliijaribu kwa sufuria ya maharage. Tulichota 40, tukayapaka wino, tukayarudisha na kukoroga. Tukachota 50: yenye wino 10, yaani moja ya tano; basi yale 40 ya kwanza nayo ni kama moja ya tano ya yote. 40 mara 50, gawa kwa 10, ni 200. Mhazini, ambaye haamini kitu, aliyahesabu yote: 191.

Ila maharage hayatoki sufuriani. Njia zote mbili zinataka wanyama wasiingie wala kutoka kati ya hesabu na hesabu. Kwa pimbi, kisiwa kinatusaidia. Viboko usiku hupanda nchi kavu kula majani, tena huzama na kuibuka kwa makundi, jambo linaloipotosha modeli, ambayo huchukulia kila mnyama anaonekana kivyake. Makadirio yao sitoi mwaka huu.

Mwaka jana niliwaambia yangeyange wamepungua. Naifuta kauli hiyo. Tulihesabu mara moja tu, saa nne asubuhi, ndege wakiwa wameshatawanyika kutafuta chakula. Kosa ni langu.

Mwaka ujao kila kituo kitahesabiwa mara tatu ndani ya wiki mbili, alfajiri, na kila zamu iandike saa, wingu, upepo na nani alishika darubini. Madaftari yako kwa katibu. Chukueni na penseli. Wino na maji ya boti tumeshaona vinavyofanya.