Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mbwa Wasaidizi Nyumbani

Ndugu wanachama,

Hesabu na kumbukumbu za vikao mmeshagawiwa, sitazirudia. Nataka kusema jambo moja tu: mbwa aliyefuzu vizuri kumsaidia mtu mwenye ulemavu akishindwa kazi nyumbani, mara nyingi kosa ni la nyumba na watu wake.

Tuanze na kamba ya mlango, ile ambayo mbwa huivuta kwa meno ili kuufungua. Iwe ya pamba, nene kama kidole gumba, na fundo mwishoni ili isichopoke menoni. Fundo lining'inie usawa wa kifua cha mbwa aliyesimama. Likiwa juu mno, ataurukia mlango na kuukwaruza. Likiwa chini mno, atavuta huku shingo imeinama na nguvu haitatoka. Kitasa cha mviringo hakifunguki kwa kamba hata mbwa awe hodari vipi, kwa hiyo wekeni cha mkono, kile kinachobonyezwa chini. Kamba ya friji itolewe kazi ikiisha, maana mwanafunzi mwerevu hujihudumia mwenyewe.

Kuokota vitu hufundishwa kwa hatua: kugusa kwa pua, kushika kwa mdomo, kutulia nacho, kunyanyua, kuleta, kuweka mapajani. Inayorukwa ni hiyo ya kutulia. Matokeo yake kitu hudondoka hatua moja kabla ya kiti cha magurudumu, na mwenye kiti hawezi kuinama. Irudieni: sekunde 2, kisha 5, kisha 10, ndipo aanze kutembea nacho. Funguo zivisheni kipande cha ngozi, kwa kuwa mbwa wengi hawapendi chuma mdomoni. Kadi ikilala bapa juu ya vigae haishikiki. Ibandikeni kitanzi cha utepe.

Ugumu mkubwa uko kwa wahudumu. Anayemlisha mbwa na kumtoa nje ndiye atakayesikilizwa, na baada ya miezi michache mbwa humtazama mhudumu kabla ya kutii. Zawadi zote zitoke kwa mwenye mbwa. Asiyeweza kushika kitu afungiwe bomba la plastiki kwenye mkono wa kiti: mhudumu anaweka punje ya chakula cha mbwa kwenye mdomo wa bomba, mwenye mbwa anaisukuma kwa kiwiko, nayo inateremka hadi bakulini. Punje hizo zipunguzwe kwenye chakula cha siku, kwani Labrador hunenepa upesi na uzito huumiza nyonga.

Kamati haikubali kumwegemea mbwa wakati wa kuhama kutoka kitandani. Mgongo wake haukuumbwa kubeba uzito wa mtu. Tumieni ubao wa kuhamia au mashine ya kunyanyulia.

Hoja ya kutumia tumbili kama wasaidizi badala ya mbwa tumeifunga. Mpango wa Boston, Marekani, ulioanza mwaka 1979 kwa tumbili aina ya kapuchini, uliacha kuwagawa mwaka 2021. Kapuchini huweza kuishi miaka 40 akitunzwa, huuma, na anaweza kuambukizana magonjwa na binadamu. Sheria ya huko, tangu 2011, humtambua mbwa peke yake kuwa mnyama msaidizi. Farasi wadogo wana kifungu chao katika sheria hiyo.

Mbwa wengi hustaafu wakiwa na miaka 8 hadi 10, na kumwandaa mrithi tangu akiwa mtoto huchukua takriban miaka 2, bado foleni. Ombi la mbwa mwingine limfikie katibu kabla wa sasa hajatimiza miaka 7.

Mwenyekiti