Yah: Malalamiko kuhusu uonjaji wa mvinyo Santorini na lugha ya mwongozaji wenu

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Salamu. Naandika kwa heshima, ingawa heshima yenyewe naitafuta kwa shida tangu nirudi kutoka Ugiriki. Tangazo lenu mnalijua, na masharti ya kurudisha fedha mliyaandika wenyewe. Nadai nirudishiwe ada ya uonjaji, dola 140.

Mlituahidi aina tatu za mvinyo wa kisiwa cha Santorini, yaani Assyrtiko, Nykteri na Vinsanto, kila mmoja na chakula chake. Mwongozaji wenu akaanza na Vinsanto. Vinsanto! Mvinyo mtamu wa zabibu zilizoanikwa juani, ambao hunywewa mwishoni. Ulimi ukishajaa sukari, Assyrtiko mkavu unaofuata utaonekana mchachu tu. Watu wakakunja nyuso, naye akatuambia eti mvinyo wa kisiwa hiki "una ladha ngumu". Si kweli. Una limau, una chumvi ya mbali, na ukikutana na pweza wa kuchoma, uchachu ule unakata mafuta ya zeituni hadi unatamani tonge jingine. Haya niliyajua kesho yake, kwenye mgahawa mdogo bandarini, kwa fedha yangu.

Huo Assyrtiko wenu ulikuja kwenye chupa iliyokwisha kufunguliwa, imefungwa kitambaa, imebaki nusu. Rangi yake kama chai ya rangi. Ukamiminwa kwenye kikombe cha plastiki, na barafu juu. Nikaomba, kwa sauti ya chini, nione lebo. Kijana huyo mwongozaji wenu akanijibu kwa Kiswahili, mbele ya meza nzima: "Mama, hii si mbege. Usiulizeulize, kunywa."

Nyumbani kwa bibi yangu, kule Kibosho, Kilimanjaro, mgeni hakupewa kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, kabla mwenyeji hajaionja mbele yake. Kwa hiyo hata kwenye mbege tunauliza.

Chakula nacho: chipsi zilizopoa na biskuti za chokoleti. Pweza hakuna. Kababu za nyanya hakuna. Fava hakuna, na fava ile, jamii ya kunde ya njano, inayopondwa na kutiwa kitunguu na mafuta ya zeituni, inalimwa hapohapo kisiwani. Haikuhitaji kusubiri meli. Nykteri hatukuuona kabisa. Hata mizabibu, ambayo pale husukwa chini ikawa kapu ili upepo usizifikie zabibu, tuliiona dirishani, gari likikimbia. Hiyo ilikuwa asubuhi, saa ambayo kijana huyohuyo aliniamkia shikamoo, akapitisha bahasha ya bakshishi kabla hatujaonja chochote.

Narudia suala la kikombe, maana naona mtalipita haraka. Jina la Santorini kwenye chupa ya mvinyo linalindwa kisheria tangu 1971, kwa hiyo kuomba kuona lebo si ujuaji, ni haki ya aliyelipa. Niliuliza taratibu. Hakunijibu papo hapo. Alimtazama kwanza dereva, akatabasamu, ndipo akapaza sauti: "Mama, hii si mbege." Dereva akacheka. Kisha kijana akakitoa kikombe mkononi mwangu, akakimwaga kwenye ndoo ya barafu na kuita, "Anayefuata!" Binti wa Kigiriki aliyekuwa akimimina hakujua Kiswahili, lakini uso wangu aliusoma, akaniletea maji bila kuombwa. Huyo si mfanyakazi wenu. Wenu ndiye aliyenipokonya kikombe, mimi niliye na umri wa mama yake.

Kwa hiyo zile dola 140 nilizotaja juu zifuteni. Nataka 280, yangu na ya mdogo wangu aliyekuwa kando yangu. Nataka pia barua ya kuomba radhi yenye sahihi yako wewe, si ya "idara", na nijulishwe kwa maandishi kijana huyo amechukuliwa hatua gani. Vocha ya safari nyingine msinitumie.

Nawapa siku 14. Zikipita, malalamiko haya yatakwenda Tume ya Ushindani pamoja na video, kwa sababu mdogo wangu alikuwa anarekodi. Akina mama wa kikundi chetu Moshi, waliokwisha kulipa kianzio cha safari yenu ya Mei, wameshaitazama. Wanauliza kianzio kinarudishwaje.

Wenu,
Mteja (jina na namba ya risiti vimo kwenye kiambatisho)