Spalding sio maduka tu

Mhariri,

Nimesoma ule ukurasa wenu wa safari kuhusu Spalding, mji wa maua kule Lincolnshire, Uingereza, na kusema kweli nimeumia. Mwandishi kafika, kaingia madukani Springfields, kapiga picha bustani ya pale pembeni, basi kaondoka. Mi naishi Peterborough, kwa treni ni kama nusu saa tu, na nishapeleka wageni wengi, akiwemo mama yangu alipokuja kutoka Tanga.

Jamani ile ardhi zamani ilikuwa kinamasi. Kabla ya maua watu walihangaika na maji kwanza, ndo maana kila mgeni namuanzishia Pinchbeck, kijiji cha jirani tu, kuna injini ya mvuke ya mwaka 1833, lidude kweli, lilikuwa linatoa maji mashambani mpaka 1952. Mama alisimama pale akaniuliza, "Kwa hiyo wakizima mashine shamba linazama?" Nikamwambia ndio mama, mpaka leo wanapampu, ila kwa mashine za kisasa.

Halafu hayo maua yenyewe, matulipu. Wakulima walikuwa wanataka zaidi lile tunguu la chini ya udongo, kwa hiyo ua likishachanua wanalikata kichwa ili nguvu yote irudi kwenye tunguu, sasa vichwa vinabaki malundo kwa malundo, vizuri kabisa, vya kutupa. Ndo vikaanza kubandikwa kwenye magari ya maonyesho na kupitishwa mitaani, gwaride likaanza 1959, watu wakawa wanajaa kutoka kila kona ya Uingereza. Baadaye mashamba ya tulipu yakapungua, wakachanganya na maua ya karatasi, 2013 likasimama, halafu 2023 wenyeji wakalifufua. Habari kubwa hivi mnaiachaje?

Ayscoughfee Hall, nyumba ya karne ya 15 karibu na mto Welland, kuingia ni bure. Kijiji cha Moulton kuna kinu cha upepo kirefu kuliko vyote Uingereza, wenye magoti mabovu wajue kuna ngazi. Na ukiwa na gari usiache Crowland, kuna daraja la mawe la karne ya 14 lina njia tatu zinakutana juu katikati, na chini hakuna tone la maji, mito ilishahamishwa zamani! Mama alilizunguka mara mbili anatafuta mto.

Nawaombeni sana, Pasaka inakaribia na wasomaji wenu wengi huku wana watoto, chapeni hata aya mbili kuhusu hizi sehemu. Kwenye kile kinu wanaokupokea ni watu wa kujitolea, wengi wazee, na wanafurahi kweli mgeni akiuliza swali. Waambieni tu watu waangalie kwanza siku za kufunguliwa kabla hawajatoka nyumbani.

Msomaji wenu,
Peterborough