Mwanangu, kuhusu lile swali lako la kipimo cha nne

Mwanangu mpendwa,

Huku nyumbani hatujambo, bibi anakusalimu. Uliuliza kwa nini tuna urefu, upana na kimo tu, na kama kingekuwepo cha nne kingekaa wapi. Swali hilo halifai kujibiwa kwa simu.

Kwanza tushuke hadi vipimo viwili. Chora kwenye karatasi mtu bapa, asiyejua kwamba kuna juu wala chini ya karatasi. Sasa mlishe. Ukimchorea utumbo kutoka mdomoni hadi upande wa pili, umemkata vipande viwili, na hakuna cha kuvishikanisha. Itambidi mabaki ayatoe kwa mdomo uleule, maskini. Nyumba yake nayo ni mstari uliozunguka: wewe uliye juu unaona chumbani kwake, hata ini lake, na hujafungua mlango. Mwenye kipimo cha nne angetuona sisi hivyohivyo. Angechukua daftari ndani ya sanduku lako la shule, kufuli likiwa palepale limefungwa.

Usihangaike kukiona kichwani. Mimi sikioni, na anayesema anakiona simwamini sana. Tunahesabu tu. Nukta ni kona 1. Ivute, upate mstari: kona 2. Vuta mstari, mraba: 4. Vuta mraba, mchemraba: 8. Sasa uvute mchemraba kuelekea upande usioujua: kona 16, na kuta zake si miraba tena, ni michemraba 8. Kwa hesabu za namna hii mwanahisabati Mswisi Ludwig Schläfli, katika karne ya 19, alionyesha jambo la ajabu. Maumbo yasiyobonyea ndani popote, yenye nyuso na pembe zote sawa, ni 5 katika vipimo vitatu, ni 6 katika vinne, na kuanzia vitano kwenda juu yanabaki 3 tu, siku zote. Vinne vina nini? Hapo hunikamata kila nikipafikiria.

Chukua kamba ya kiatu, ifunge fundo, kisha unganisha ncha zake. Huku kwetu halifunguki mpaka ukate. Kwenye vipimo vinne, pale kamba inapozuiwa na kamba mwenzake, unaisogeza kidogo upande wa nne, inapita, unairudisha. Kila fundo la kamba linafumuka. Sijui mabaharia wa huko wangefunga jahazi kwa nini.

Jahazi lenyewe huenda lisingekuwepo. Mwaka 1917 mwanafizikia Paul Ehrenfest alionyesha hivi: kwetu, umbali ukiongezeka mara mbili, mvutano wa Jua unabaki robo. Katika vipimo vinne ungebaki thumuni, yaani moja ya nane, na njia ya sayari isingetulia. Dunia ikitikiswa kidogo tu, ama inaangukia Jua ama inatokomea. Mimi naona hilo halielezi kwa nini vipimo ni vitatu. Linaeleza kwa nini penye vinne pasingekuwa na mtoto wa kuuliza.

Labda kipo cha ziada kilichojikunja hadi kisionekane, kama alivyopendekeza mwanafizikia Oskar Klein mwaka 1926. Hakijapatikana bado.

Mraba una kingo 4, mchemraba 12. Ule wa vipimo vinne una ngapi? Usimuulize mwalimu kwanza. Anzia kwenye kona moja, uhesabu kingo zinazokutana hapo.

Baba yako