Gemu yako inachezwaje? Tunauliza kabla ya kuandika nota

Wateja wengi wanaotaka muziki wa okestra kwa gemu zao hututajia wimbo "Baba Yetu". Tunawaelewa. Christopher Tin aliutunga kwa ajili ya gemu ya Civilization IV ya mwaka 2005, Sala ya Bwana kwa Kiswahili, na mwaka 2011 ukawa muziki wa kwanza wa gemu kushinda Grammy. Lakini wimbo ule husikika kwenye ukurasa wa kuanzia, kabla mchezaji hajafanya lolote. Wimbo wa hivyo unaweza kwenda moja kwa moja, mwanzo hadi mwisho.

Ndani ya gemu mambo hubadilika. Mchezaji mmoja atapita kijijini kwa sekunde 20 na kuingia vitani. Mwingine atazunguka nusu saa akitafuta mlango. Muziki uwafuate wote wawili, usikatike wala usichoshe.

Ndiyo maana tunatunga kwa matabaka. Fidla na chelo hushika utulivu, ngoma huingia adui akikaribia, tarumbeta na tromboni hupanda vita vikipamba moto. Yote yana kasi moja na ufunguo mmoja wa muziki, ili programu ya kuendesha sauti za gemu, kama Wwise au FMOD, iongeze au ipunguze tabaka bila sikio kushtuka.

Ugumu unakuja kwenye kurekodi. Okestra nzima ikipiga pamoja, sauti ya tarumbeta huingia kwenye maikrofoni za fidla, na baadaye hakuna fundi atakayeiondoa kabisa. Kwa hiyo kila kundi hurekodiwa peke yake, wapigaji wakifuata mdundo mmoja kwenye hedifoni. Husoma nota papo hapo, kwa hiyo nota moja iliyoandikwa vibaya inaweza kusimamisha watu 40 huku saa za ukumbi zikiendelea kulipiwa. Kipande kikiisha, wote hukaa kimya mpaka mwangwi ufe wenyewe. Mwangwi huo tunauhitaji: kipande kinapojirudia, tunaulaza juu ya mwanzo wake ili mshono usisikike.

Ukituambia baada ya siku ya kurekodi kwamba unataka fidla peke yake pale msituni, na hatukuzirekodi peke yake, itabidi okestra iitwe upya. Hiyo ndiyo gharama tunayotaka kukuepusha.

Bajeti ndogo isikukatishe tamaa. Muziki wa gemu ya Journey ya 2012, kazi ya Austin Wintory, ulirekodiwa na okestra ya Skopje, Masedonia, lakini moyo wake ni chelo moja. Nasi tunashauri hivyo hivyo: okestra ya kompyuta nyuma, mpigaji mmoja wa kweli mbele. Pumzi na mkono wa mtu husikika, tena sana.

Kabla hatujakupa bei, tutumie video ya dakika 10 ya gemu yako ikichezwa. Acheze mtu asiyeijua. Tunataka kuona anasita wapi, anakimbia wapi, na wapi anakaa muda mrefu kuliko ulivyopanga.