Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Msafara wa Baiskeli na Mfuko wa Kupaua

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, ninawasilisha mbele ya Mkutano Mkuu taarifa ya kazi za chama kwa mwaka unaokwisha. Hesabu zilizokaguliwa zimo katika kabrasha la Mhazini mliloligawiwa mlangoni, nami sitazirudia. Nitajikita zaidi katika jambo lililotugawa kuliko jingine lolote tangu tuanze kuendesha baiskeli kwa ajili ya makazi ya watu wa kipato cha chini, yaani uamuzi wa kuacha kujenga nyumba nzima na kuzielekeza fedha zote za msafara kwenye kupaua maboma, yaani kuziezeka nyumba ambazo kuta zake zimesimama bila paa.

Kila anayepita Chanika, Kivule au Chamazi, pembezoni mwa Dar es Salaam, ameyaona maboma hayo. Mikopo ya nyumba ipo, na tangu mwaka 2010 ipo pia TMRC, kampuni ya Tanzania Mortgage Refinance inayoziwezesha benki kukopesha kwa muda mrefu zaidi, lakini mikopo hiyo bado inamfaa hasa mwenye mshahara unaopitia benki. Mama lishe na fundi seremala hujenga kwa awamu: kiwanja kwanza, kisha msingi, kisha tofali kidogo kidogo hadi kwenye renta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, na hapo husimama. Husimama hapo kwa sababu hatua zote za awali zinakubali kugawanywa, saruji mifuko mitatu mwezi huu na mchanga mwezi ujao, ilhali paa halikubali. Mbao, bati, misumari na ujira wa fundi vinatakiwa kwa mkupuo mmoja. Wakati huohuo mwenye boma anaendelea kupanga chumba kwingine na kulipa kodi ya miezi sita kwa pamoja, na kodi hiyo ndiyo inayomeza fedha ya bati. Masika mawili yakipita, kozi za juu za tofali huanza kumomonyoka na majani huota mahali palipokusudiwa kuwa sebule.

Mfuko wetu unakopesha gharama za kupaua bila riba. Familia ikishahamia, hata kama nyumba haina lipu wala dari na madirisha yamezibwa kwa mbao, kodi ya chumba inakoma, na kiasi kilekile kilichokuwa kikienda kwa mwenye nyumba kinakuwa ndiyo rejesho. Wapo wanachama wenye heshima zao waliosema kwamba wadhamini hupenda kuona nyumba iliyokamilika na picha ya kukabidhi funguo, na kwamba boma lililoezekwa halina mvuto gazetini. Hoja hiyo ni ya kweli kwa upande wa wadhamini, nami nimekutana nayo ofisini mwao zaidi ya mara moja. Hata hivyo, nyumba moja ya kukabidhi ilikuwa ikimeza makusanyo ya msafara mzima, ikimpa mtu mmoja kila kitu na jirani zake lawama, na hakuna shilingi iliyorudi.

Utekelezaji wake haukuwa mwepesi. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeyaweka madaraja ya watoa huduma hizo, kuanzia benki zinazopokea amana hadi vyama vya akiba na mikopo (SACCOS) na vikundi vya kijamii vilivyosajiliwa, na chama cha waendesha baiskeli hakimo katika daraja lolote kati ya hayo. Hatuwezi basi kufungua daftari na kuanza kukopesha. Kamati iliona njia iliyonyooka ni kuzipitisha fedha kwa vikundi vya kuweka na kukopa ambavyo tayari vimesajiliwa katika halmashauri, vinavyowafahamu wanachama wao na vyenye nguvu ya kudai. Chama kinabaki na kazi mbili: kuthibitisha, pamoja na serikali ya mtaa, kwamba kiwanja hakina mgogoro na kina leseni ya makazi au mkataba wa mauziano unaotambulika, na kukagua vifaa kabla havijapanda juu.

Ukaguzi huo wa vifaa si wa kuigiza. Katika nyumba moja ya Kivule, bati zilizolipiwa zilikuwa za geji 28, lakini fundi wetu alipoinua bati la kwanza kutoka kwenye gari alikunja pembe yake kwa vidole viwili, akaliweka chini na kukataa kushusha mengine. Zilikuwa za geji 32. Kwa wasiozoea, namba ikipanda bati linakuwa jembamba, na bati jembamba juu ya kenchi (fremu za mbao za paa) zilizoachana ndilo linaloezuliwa na upepo wa kwanza wa vuli. Muuzaji alizibadilisha baada ya mabishano ya siku nzima. Naomba kamati ijayo isiruhusu malipo yoyote kamili kabla ya mzigo kukaguliwa.

Kuhusu msafara wenyewe, tulikwenda Morogoro kutoka Dar es Salaam mwezi Julai, takribani kilometa 190, kwa siku mbili. Wakati huo masika yameisha na pilikapilika za Nane Nane mjini Morogoro hazijaanza. Ugumu ulikuwa uleule wa siku zote: malori yaendayo Zambia na Kongo, hasa kabla ya mizani ya Vigwaza ambako foleni huwasukuma waendeshaji hadi kwenye changarawe. Askari wa usalama barabarani walitusindikiza vizuri, na hakuna aliyeumia zaidi ya kuchubuka. Familia zilizokuja kwa treni ya umeme zilifika zikiwa zimelala na kuamka, jambo ambalo baadhi ya waendeshaji waliona si la haki.

Kwa pendekezo la vijana, siku iliyofuata ilitumika kufyatua matofali ya kufungamana kwa mashine ya mkono. Wazo hilo si geni; Bike & Build, shirika la Marekani, liliwapitisha vijana kwa baiskeli kutoka pwani moja ya nchi hadi nyingine huku wakisimama njiani kushiriki ujenzi wa nyumba za bei nafuu. Kwetu somo lilikuwa la mikono. Udongo wenye mfinyanzi mwingi ulipasua tofali kabla halijakauka, na mengi tuliyofyatua asubuhi yalivunjwa na kuchanganywa upya. Yaliyosalimika yalihifadhiwa kivulini na kumwagiwa maji kwa wiki nzima na kikundi cha akina mama wa mtaa huo, ambao kwa maoni yangu walifanya kazi kubwa kuliko sisi tuliopigwa picha.

Linabaki suala la ahadi. Baadhi ya wadhamini waliahidi kiasi fulani kwa kila kilometa, waendeshaji wakazimaliza kilometa, na fedha bado hazijaingia. Ninapendekeza kuanzia msafara ujao mwendeshaji apewe namba ya mbio baada ya nusu ya ahadi zake kuwa imekwishalipwa, na maombi mapya ya kupaua yapokelewe kwa kiasi kilichomo benki tu. Mapendekezo hayo yapo katika ajenda namba sita, na kwa kuwa yanagusa katiba, yatahitaji theluthi mbili ya kura za wajumbe waliohudhuria.